Oili si oili tu, bwana!

Jamani vijana wa Moro, mnajua kwamba yale mafuta ya maji ya watoto tunayojipaka tukitoka kuoga na oili ya injini ya daladala ni ndugu wa tumbo moja? Yote yanatoka kwenye mafuta ghafi ya ardhini. Tofauti ni usafishaji. Yakisafishwa sana yanakuwa meupe, hayana harufu, mtoto anapakwa. Yale yasiyosafishwa vizuri, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameyaweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Na oili chafu usiichezee; ikikugusa nawa kwa sabuni.

Haya, njoo kwenye kopo. Limeandikwa 20W-50. Namba ya kwanza inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi, ya pili inavyobaki nzito injini ikishachemka. Hiyo W ni majira ya baridi ya Wazungu, si uzito kama washikaji wanavyobishana vijiweni.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni breki. Kaka yangu anabeba kabichi na karoti kutoka Mgeta kwa pikapu. Njia ile mnaijua: kona juu ya kona, Uluguru yote iko mgongoni, mpaka utokee Sangasanga. Siku moja mafuta ya breki yakapungua. Fundi wa gereji bubu akashika kopo la oili ya injini. "Oili ni oili tu, kaka, itakufikisha." Nikamkatalia palepale. Akacheka: "We dada unajua nini?"

Mie nimepita VETA Kihonda, nikamjibu. Mafuta ya breki ya magari mengi, DOT 3 na DOT 4, si jamii ya oili. Ni kemikali ya glaikoli. Mipira ya ndani ya silinda imetengenezwa kwa ajili yake. Ikikutana na oili ya injini inavimba na kulainika, breki zinang'ang'ania au zinakuachia mteremkoni.

Tena mafuta ya breki hayapungui hivihivi. Ama breki zimelika, ama kuna mahali panavuja. Tukainama chini ya gari, tukakuta bomba linadondosha. Safari ikaahirishwa, kabichi zikanyauka, lakini kaka yupo.

Kwa hiyo msomaji, soma mfuniko kabla hujamimina. Na fundi akikwambia oili ni oili tu, muulize: mwanao unampaka ya injini?