Pweza Hupimwa Dikoni

Nilianza kuchokoa pweza nikiwa binti mdogo, nikimfuata bibi mwambani kila bamvua, maji yakikupwa. Siku hizo hatukupima chochote sisi wenyewe. Mnunuzi alishuka dikoni na mizani yake, akabeba mkubwa na mdogo, akaondoka. Leo mimi ndiye mwandishi wa takwimu wa BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, ya kijiji chetu hapa Kilwa, na mizani ninayo mimi.

Habari ya kufunga mwamba, yaani kuacha kuchokoa pweza hapo kwa muda, ilipoletwa, wazee wengi waliikataa. Tulielezwa kwamba wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walifunga mwamba wao mwaka 2004, na walipoufungua mwaka uliofuata walikuta pweza wakubwa. Mimi nilishawishika kwa sababu tabia ya pweza naijua. Hukua upesi mno, umri wake ni mwaka na kidogo tu, na jike hutaga mara moja maishani. Hujifungia shimoni akilinda mayai, hali chakula, mpaka anakufa. Ukimchokoa kabla hajataga, umechukua na kizazi chake.

Tukafunga mwamba mmoja kwa miezi mitatu. Siku ya kufungua, mama mmoja alikuja dikoni na pweza aliyemning'iniza kwenye mchokoo, minyiri inaburuza mchangani. Mizani ikapita kilo tatu. Sheria inakataza pweza wa chini ya gramu 500, na kabla ya kufunga mwamba wengi wetu tulikuwa tukiuza hao hao wadogo. Mama akaniangalia mpaka nikamaliza kuandika: uzito, jinsia, jina la mwamba. "Andika vizuri, mwanangu," akasema, "wakubwa wakija wasome."

Neno lile ndilo lililonibadilisha. Nikawaza watakachosoma wakubwa hao, nikaanza kuona kwamba safu ya pweza daftarini peke yake haitoshi. Tasi anategemea majani ya bahari, kamba anakulia kwenye mikoko, pweza anajificha mwambani na kula kaa. Mikoko ikikatwa, matope hayana kizuizi. Huteremka yakafunika majani, kisha matumbawe. Kokoro likiburutwa, majani yanang'oka na watoto wa samaki wanakwenda nayo. Kwa hiyo daftari letu sasa lina safu ya mikoko iliyokatwa na iliyopandwa, ya makokoro yaliyoonekana, na ya urefu wa tasi. Bahari ni moja, haisimamiwi vipande vipande.

Kwenye ngazi ya taifa na dunia nako wanapima. Shabaha ya 14.2 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa ilizitaka nchi zisimamie na kulinda mifumo ya ikolojia ya bahari na pwani ifikapo 2020. Kwanza kipimo kilikuwa ni sehemu gani ya ukanda wa kiuchumi wa bahari wa nchi inasimamiwa kwa kuzingatia ikolojia. Baadaye kikawa idadi ya nchi zinazotumia utaratibu huo. Nasema wazi kwamba kipimo hiki cha pili hakinitoshi. Nchi yenye mpango kabatini na nchi ambayo pweza wake wamenenepa zote zinahesabiwa moja. Tanzania ina Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ipo tangu 1995. Naviheshimu sana vitu hivyo. Lakini sheria ni mwanzo wa kazi, na matokeo yake yanaonekana huku chini.

Ninyi mnaoandaa taarifa ya taifa, njooni dikoni siku ya bamvua. Madaftari yapo, yana tarehe na majina ya miamba, na mengi hayajawahi kuombwa na mtu. Yachukueni, myajumlishe na ya vijiji vingine vya pwani, kisha mturudishie majibu. Na wewe mchokoaji mwenzangu, pweza wako asiende kwa mnunuzi kabla hajapita kwenye mizani yetu.