Safari ya Jambur: Goma na Mbolea

Leo twende safari ya mbali. Tunavuka Bahari ya Hindi. Tunafika nchi ya India, katika jimbo la Gujarat. Huko kuna msitu mkubwa uitwao Gir. Simba wa porini katika bara lote la Asia wamebaki huko tu, msituni Gir na kandokando yake. Karibu na msitu huo kuna kijiji kiitwacho Jambur.

Ukifika Jambur utashangaa. Sura za watu ni kama za watu wa kwetu. Lakini ukiwaamkia kwa Kiswahili hawataitika. Lugha yao ni Kigujarati. Watu hawa wanaitwa Wasidi.

Asili ya Wasidi ni Afrika. Mababu zao walifika India kwa majahazi, mamia ya miaka iliyopita. Wengi walipelekwa kwa nguvu wakiwa watumwa. Wengine walikuwa askari au mabaharia. Lugha za mababu zimepotea, lakini ngoma haikupotea. Mpaka leo mchezo wao wanauita "goma". Bila shaka umelitambua neno hilo.

Maisha ya Wasidi yamekuwa magumu. Wengi hawana ardhi ya kutosha. Wanafanya vibarua katika mashamba ya wengine. Wamezaliwa India, na babu zao walizaliwa India. Hata hivyo huulizwa wametoka nchi gani.

Je, serikali ya India ilifanya nini? Inayo orodha ya makabila yanayostahili msaada. Kabila likiandikwa humo, watoto wake hutengewa nafasi katika vyuo, na watu wake hutengewa nafasi katika kazi za serikali. Wasidi wa sehemu ya Jambur waliandikwa katika miaka ya 1950. Wenzao wa jimbo la Karnataka, upande wa kusini, walisubiri mpaka mwaka 2003.

Mwaka 1987 ulianza mpango mwingine. Vijana wa Kisidi walichukuliwa kufundishwa riadha. Wakubwa walifikiri kuwa mtu wa asili ya Afrika lazima awe hodari wa mbio. Vijana walipewa chakula, viatu na walimu. Wengine walishinda medali. Lakini baada ya miaka michache mpango ulifungwa. Vijana wengi walirudi kwenye vibarua.

Sasa tumtazame mama mmoja wa Jambur. Anaitwa Hirbai Lobi. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake. Alipokuwa mtu mzima aliwakusanya akina mama wenzake. Walianza kuweka akiba pamoja. Walitengeneza mbolea ya mboji na kuiuza. Shule za watoto wadogo zilifunguliwa. Mwaka 2023 serikali ya India ilimpa nishani ya heshima iitwayo Padma Shri.

Mimi ni bwana shamba. Habari ya mbolea hiyo ilinigusa sana. Mboji haitaki mtaji mkubwa. Inataka majani, samadi, maji na mikono ya kuigeuza. Vitu hivyo viko hata kwetu. Lakini mara ngapi tunayachoma majani, halafu tunalalamika kuwa shamba limechoka?

Ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Sisemi kwamba serikali isisaidie. Kuandikwa katika orodha ni haki ya Wasidi. Haki hiyo imewafungulia watoto wengi mlango wa shule. Ninachosema ni hiki: mpango wa mbio ulibuniwa na watu wa mbali, na watu wa mbali waliufunga. Kikundi cha akina mama kilikuwa mikononi mwao wenyewe. Lundo la mboji ni lao, na akiba ni yao.

Jioni hii mwite jirani yako, msomeeni pamoja habari hii. Kisha jadilianeni:

1. Ni mpango gani uliletwa kijijini kwetu ukafa? Nani aliulizwa kabla haujaanza?
2. Ni kazi gani tunaweza kuianza kwa vitu tulivyo navyo?
3. Nani atatunza akiba, na nani atakagua hesabu?

Mkishakubaliana, kesho asubuhi chimbeni shimo la kwanza la mboji. Chagueni mahali penye kivuli.