Mjomba, Hawa Hulipa Kila Mwezi

Watu wangu wa Kisii na Nyamira, niko huku Minnesota.

Mpwa wangu amenipigia simu kutoka Keroka. Anataka tuuze hisa za Equity alizoacha baba yetu, tununue mfuko wa Marekani. "Mjomba, benki hulipa mara moja kwa mwaka, hawa hulipa kila mwezi!" Nimekasirika, na najua hayuko peke yake, ndiyo maana nawaandikia nyote.

Mgao wa benki mnaujua. Benki ikipata faida, wenye hisa hupewa fungu lao. Kwa mwaka wa 2023 Equity ililipa shilingi 4 kwa hisa, Co-op 1.50. Kuna miaka ya kukauka pia: KCB haikutoa chochote kwa mwaka huo wa 2023, na Equity ilifuta mgao corona ilipoingia 2020. Lakini hisa ikipanda bei, ni yako yote.

Mfuko huu sivyo. Una hisa za kampuni kubwa, kisha kila mwezi unamuuzia mtu haki ya kufaidi bei ikipita kiwango fulani. Haki hiyo huitwa opsheni. Ni kama jirani akupe elfu tatu leo ili mwisho wa mwezi, akipenda, amchukue mtamba wako kwa elfu sitini. Bei sokoni ikifika elfu themanini, nyongeza ni yake. Mtamba akiugua, jirani humwoni. Unabaki na mgonjwa na elfu tatu zako. Hayo malipo ya kila mwezi yanayokuvutia, mpwa wangu, sehemu kubwa ndiyo hizo elfu tatu.

Chukueni QYLD, mfuko mmoja wa aina hii, ulioanza Desemba 2013 kwa takriban dola 25 kipande. Tangu hapo fahirisi ya Nasdaq 100, ambayo mfuko huo hununua hisa zake, imepanda zaidi ya mara tano. Kipande cha QYLD kimeshuka chini ya dola 20. Waliokula malipo yote wamekula na mtaji.

Tena kuna kodi. Mgao wa Nairobi, mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5, mimi wa huku 15. Wa Keroka akinunua Marekani, mgao hukatwa 30, maana nchi hizi mbili hazina mkataba wa kodi.

Na hizo hisa mtaziuzaje? Bado ziko kwa jina la marehemu! Mazishi tulichanga haraka, hema zikajaa, lakini mirathi hakuna aliyeifuata. Cheti cha hisa kimelala sandukuni, na migao isiyodaiwa huishia UFAA, mamlaka ya serikali inayotunza mali za fedha zisizodaiwa. Jamani, hiyo ni pesa ya mama yetu! Tafuteni cheti cha kifo, mwende kwa chifu awape barua, kisha mahakamani Nyamira. Kila mrithi afungue akaunti ya CDS ya kuwekea hisa. Angalieni jina la baba kwenye tovuti ya UFAA.

Mpwa wangu, mfuko ukikushika sana, nunua kidogo kwa pesa yako mwenyewe. Za nyanya yako usiziguse. Mwambie mama yako anipigie Jumapili, tukubaliane nani atakwenda mahakamani, nauli nitatuma.