Redio ya Corolla ya Mzee

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Sikuwa naumwa, wala sikusafiri. Jumamosi tatu mfululizo nimezimaliza nikiwa nimepinda mgongo kwenye kiti cha mbele cha gari, bisibisi mdomoni, tochi ya simu begani, nikipigana na redio. Kila siku naandika habari za watu wengine, basi leo niruhusuni niandike ya kwangu.

Gari lenyewe wengine mnalijua. Ni Corolla 110 ya mwaka 1997, injini ya 5A, sisi 1500. Ilikuwa ya Mzee. Alipoacha kuendesha kwa sababu ya macho na presha, akanikabidhi funguo kwa sharti moja: kila mwezi nimpeleke kliniki. Sharti jepesi, nikakubali kabla hajamaliza kulisema.

Sasa tatizo. Safari ya Kimara hadi mjini ni ndefu ukikutana na foleni, na foleni utakutana nayo tu. Mimi ni mtu wa magazeti, redio ndiyo inaniambia leo mhariri atanipigia kelele kuhusu nini. Lakini kila nikiwasha redio tukiwa na Mzee, anavumilia dakika tano halafu ananyoosha mkono anaizima. "Inanipigia kelele tu hiyo." Tunabaki kimya mpaka hospitali. Huyu ni mtu ambaye enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam taarifa ya habari ikianza, nyumba nzima tulitakiwa tusipumue! Nikajiambia Mzee ana haki, ile redio kweli ni mbovu.

Na ilikuwa mbovu. Kwanza ilikuwa ile iliyokuja na gari kutoka Japan, ya kanda. Redio za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japan miaka ile zilikuwa zinashika FM kuanzia 76 hadi 90 basi, wakati sisi stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Wasafi 88.9 unaipata, EFM 93.7 huipati. Ndiyo maana magari mengi yaliwekewa kile kidude kidogo nyuma ya redio, kinachoishusha mawimbi ili redio iyafikie. Kama kinapunguza 12, basi 93.7 unaikuta kwenye 81.7. Unapata stesheni, lakini na mikwaruzo yake. Pili, spika za milangoni zilikuwa za karatasi, na karatasi baada ya miaka zaidi ya ishirini ya joto la Dar inachanika. Mtangazaji akitamka "b" unasikia kama mtu anakung'uta mkeka.

Dawa niliyoiona mimi ni ile ambayo kijana yeyote angeiona: sabufa. Nikanunua iliyotumika, pamoja na amplifaya yake, iliyoandikwa kwa herufi za dhahabu "1000W". Nilifunga mwenyewe Jumapili moja baada ya kuangalia video mbili. Nikavuta waya kutoka betri, nikaupitisha kwenye tundu la ukuta wa chuma unaotenganisha injini na sisi abiria, nikaupeleka mpaka kwenye buti. Nikawasha. Vioo vikatetemeka. Watoto wa jirani wakaja kucheza. Nilijiona fundi.

Siku ya kliniki ikafika. Nikawasha mapema ili Mzee aone mabadiliko. Hakusema kitu. Tulipofika Ubungo, chini ya madaraja ya Kijazi, foleni imesimama kabisa, nikamwona anageuza uso na kunusa. "Kuna kitu kinaungua." Mimi sikusikia harufu yoyote, nilikuwa nasikia besi. Kabla sijajibu, moshi ukatoka chini ya dashibodi upande wa miguu yake.

Jamani, nilipotea. Nilishika usukani kama ndio utakaonisaidia. Mzee ndiye aliyesema, kwa sauti ile ile ya kuniagiza maji ya kunywa: "Zima gari. Fungua boneti. Spana namba kumi iko hapa." Spana ilikuwa kwenye kisanduku cha mbele ya kiti chake, alikoiacha yeye mwenyewe, sijui miaka mingapi. Nikafungua kichwa cha betri huku daladala nyuma yangu ikipiga honi na mikono yangu ikitetemeka. Moshi ukakata. Zulia lilikuwa limeungua mahali pa ukubwa wa kiganja, sentimita chache kutoka kwenye kiatu chake.

Kosa langu lilikuwa dogo kulieleza. Waya unaotoka betri unatakiwa uwe na fyuzi, na fyuzi hiyo ikae karibu kabisa na betri, isizidi nusu mita. Amplifaya ina fyuzi yake, ndiyo, lakini ile iko mwisho wa waya, kule kwenye buti. Fyuzi ya kwenye betri kazi yake ni kuulinda waya. Mimi sikuiweka, na lile tundu la ukuta sikulivalisha mpira. Chuma kikala ganda la waya taratibu, siku waya ulipogusa bodi ya gari betri ikamwaga umeme wake wote pale. Betri ya gari ni volti 12 tu, haikurushi ukiigusa, lakini ampea inazoweza kutoa kwa mkupuo ni mamia. Waya unageuka jiko.

Na ile "1000W"? Nilipoifungua nikakuta fyuzi yake ni ampea 20. Gari likiwa linanguruma, volti huwa 14 hivi. Zidisha: 280. Hizo ndizo wati inazoweza kuvuta, kabla ya kupoteza sehemu kwa joto. Wati 1000 zingetoka wapi? Kwenye stika.

Tukafika kliniki kwa teksi. Nikiwa bado nanuka moshi, nikamwomba daktari wa presha atuelekeze kwa wa masikio, maana kuna kitu kilinikaa kichwani. Mzee alinusa moshi kabla yangu, akajua la kufanya kabla yangu. Akili yake haijachoka hata kidogo. Kwa nini basi haitaki redio?

Walimpima. Kumbe Mzee anasikia sauti nzito vizuri tu. Zinazompotea ni zile nyembamba, za juu, kama inavyowatokea wazee wengi. Na kwenye maneno, irabu ziko chini, lakini "s", "sh", "f" na "th" ziko juu. Kwa hiyo anasikia kwamba mtu anaongea, ila hapati anachosema. "Shida" na "fida" kwake ni kitu kimoja. Halafu sauti nzito ikiwa kubwa huzifunika zile nyembamba. Maana yake sabufa yangu ilikuwa inamfutia hata yale machache yaliyobaki.

Nikamuuliza tukiwa tunatoka, "Baba, mbona hukusema?" Akanijibu, "Hukuniuliza kama nasikia. Ulikuwa unaniuliza kama nataka redio."

Miaka mitano nalipwa kwa kuuliza watu maswali.

Basi nikaanza upya, safari hii polepole. Sabufa na amplifaya yake nimemuuzia kijana mmoja wa bajaji mtaani kwetu, pamoja na fyuzi mpya na mpira wa tundu, na nilisimama pale mpaka akavifunga. Hela hiyo nikaiongezea, nikaenda Kariakoo. Redio mpya ya kawaida, elfu 110. Spika za mbele zenye twita za kutenganishwa, elfu 90. Waya, fyuzi, kipande cha plaiwudi, gundi na tepu, elfu 40. Jumla laki mbili na arobaini, na fundi ni mimi.

Kwa wenye magari kama langu, haya ndiyo niliyojifunza.

Chomoa betri kwanza, upande wa hasi. Ndiyo, hata kama ni kazi ya dakika mbili. Mimi sihitaji tena kukumbushwa.

Nyuma ya redio ya Toyota za zamani kuna plagi mbili, moja ya pini kumi na nyingine ya pini sita. Usizikate! Kuna waya za kuunganishia zinazouzwa, upande mmoja unaingia kwenye plagi za Toyota na upande wa pili unaunga na redio mpya. Kwangu nilikuta aliyeweka kile kidude cha kushusha mawimbi alikata, akasokota, akafunga kwa nailoni ya mfuko. Jumamosi ya kwanza yote iliishia hapo. Kwenye redio mpya, njano ni umeme wa moja kwa moja, nyekundu ni ule wa swichi, nyeusi ni hasi. Ukichanganya njano na nyekundu, redio inasahau stesheni kila ukizima gari, utadhani umeuziwa feki.

Kidude cha kushusha mawimbi kiondoe. Redio mpya inafika 108 yenyewe, ukikiacha utakuwa unatafuta EFM mpaka uzeeke.

Spika za inchi sita na nusu hazikukaa kwenye tundu la mlango, ndipo plaiwudi ikaingia. Unakata pete mbili kwa msumeno mwembamba, unazipaka rangi ya mafuta zisioze, maana ndani ya mlango maji ya mvua yanapita. Ile nailoni kubwa iliyogandishwa ndani ya mlango msiichane mkaitupa. Ndiyo inayozuia maji yasiingie kwenye kava na zulia. Na ziba matundu makubwa ya mlango kadiri unavyoweza. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma, hewa ya nyuma ikizunguka ikakutana na ya mbele zinauana, sauti inakuwa ya debe.

Jumamosi ya pili nilifunga kila kitu, nikawasha, na mtangazaji akawa anaongea kama yuko nje ya gari. Sauti ipo, lakini haina kifua wala mahali. Nikahangaika saa nzima. Kumbe mlango wa kushoto nilibadilisha chanya na hasi. Spika moja ilikuwa inasukuma wakati mwenzake anavuta. Kupima ni rahisi: chukua betri ndogo ya tochi, ya volti 1.5, gusisha waya mbili za spika mara moja tu. Ngozi ya spika ikitoka nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Ikiingia ndani, umegeuza.

Twita ndizo nilizihangaikia zaidi, maana zile sauti nyembamba zinakwenda kwa mstari, goti au kava likikaa mbele yake zinaishia hapo. Nikazipandisha juu kwenye ile kona ya mlango karibu na kioo cha pembeni, ya kushoto ikimwelekea abiria. Halafu kwenye redio nikapunguza besi, nikaongeza zile za juu. Kwa masikio yangu mimi inakwaruza kidogo. Sikumfungia mimi.

Nilibakiwa na skrubu mbili ambazo sijui zilitoka wapi, na klipu moja ya kava imevunjika. Gari linatembea.

Jumanne iliyopita ndiyo ilikuwa kliniki. Nikawasha redio bila kusema kitu, sauti iko 14, na zamani nilikuwa nafika 30. Kimara tukapita. Mkono wake haukunyooka. Pale Ubungo foleni kama kawaida, na kwenye kipindi cha asubuhi watangazaji wawili wakaanza kubishana, mmoja akamtupia mwenzake neno la utani, la haraka, kwa sauti ya chini.

Mzee huwa anacheka. Ila kwa miaka kadhaa sasa, sebuleni, anacheka baada yetu, akishatuangalia nyuso. Sisi tulidhani ni uzee.

Safari hii alicheka kabla yangu.

Halafu akasema huyo wa pili anameza herufi, enzi zao asingepewa maikrofoni. Tukabishana juu ya hilo mpaka mjini. Masikio yake hayajapona, tunajichanga kwa ajili ya kile kifaa cha kusaidia kusikia, na spika za elfu 90 haziwezi kukaa mahali pake. Lakini kuanzia Kimara hadi hospitali, tunasikiliza kitu kimoja.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee asiyetaka redio, muulizeni swali vizuri. Na kama mnafunga amplifaya, fyuzi iwe karibu na betri. Haya, narudi kazini, mhariri anapiga.