Miungu ya Kale Nyumbani Mwetu

Msomaji wangu, mtu aweza kukaa na wageni nyumbani mwake mwaka mzima asijue kwao wala nasaba yao. Ukidhani kuwa nafanya mzaha, inuka uitazame kalenda iliyotundikwa ukutani. Januari ni mwezi wa Janus, mungu wa milango wa Warumi, aliyekuwa na nyuso mbili, mmoja ukitazama mbele na mmoja ukitazama nyuma, kama impasavyo bawabu wa mwaka. Machi ni mwezi wa Mars, mungu wa vita. Juni husemwa kuwa ni mwezi wa Juno, malkia wa mbinguni na mlinzi wa ndoa. Julai na Agosti ni majina ya wanadamu wawili, Julius Caesar na Augustus, ambao Warumi waliwapandisha katika daraja la miungu baada ya kufa kwao. Majina haya twayaandika juu ya daftari zetu kila siku, na kwa hesabu yake twafungua shule, twalipa karo na twafanya mitihani. Si vibaya basi kuwauliza wageni hawa habari zao.

Wayunani, ndio watu wa kale wa nchi ya Ugiriki, waliamini kuwa miungu mikubwa kumi na miwili ilikaa juu ya mlima Olympus. Mlima huo upo hata leo. Kimo chake ni mita 2,918 hivi, nao ni mfupi sana ukilinganishwa na Mlima Kenya wenye mita 5,199; lakini kilele chake hufunikwa na mawingu mara kwa mara, na mahali palipofichwa na mawingu fikira za mtu hupenda kujenga majumba. Katika jumba hilo la fikira alitawala Zeus, mwenye radi na umeme. Alikuwa mwana wa Kronos, mfalme aliyewaogopa watoto wake mwenyewe, akawameza mmoja baada ya mmoja kila walipozaliwa, mpaka mkewe Rhea akamficha Zeus, akampa mumewe jiwe lililovikwa nguo za mtoto. Kronos akalimeza asitambue. Zeus alipokua aliwakomboa ndugu zake, akampindua baba yake. Kisha ndugu watatu wakapiga kura kugawana ulimwengu: Zeus akapata mbingu, Poseidon akapata bahari, na Hades akapata makazi ya wafu chini ya ardhi.

Wengine walikuwa na kazi zao. Hera, mke wa Zeus, alilinda ndoa, ijapokuwa ndoa yake mwenyewe haikuwa na amani. Athena alikuwa na hekima na ufundi, Apollo, muziki na uaguzi, pacha wake Artemis, uwindaji, Ares, vita, Aphrodite, mapenzi. Hephaestus alikuwa mhunzi, kilema wa miguu, na kazi ya mikono yake haikuwa na kifani. Hermes alikuwa tarishi, na Demeter alisimamia nafaka. Katika kutaja wale kumi na wawili wengine humtia Hestia, mlinzi wa meko, na wengine humtia Dionysus, mungu wa mvinyo. Warumi nao walikuwa na miungu yao. Lakini walipojuana na Wayunani waliona mfanano, wakalinganisha huyu na yule: Zeus na Jupiter, Hera na Juno, Poseidon na Neptune, Ares na Mars, Aphrodite na Venus, Hermes na Mercury, Demeter na Ceres. Hestia kwao alikuwa Vesta, na mjini Roma moto wake ulitunzwa na wanawake sita, ambao kila mmoja alifunga nadhiri ya kutumika miaka thelathini bila ya kuolewa.

Habari hizi mimi nilizipata nikiwa katika kidato cha pili, katika kitabu chenye jalada lililochakaa nilichokiazima katika maktaba ya shule. Nilikisoma kwa uroho, na nilikisoma kwa siri. Sababu ya siri hiyo ni kuwa marehemu baba yangu alikuwa mcha Mungu, na neno "miungu" likitamkwa kwa wingi lilitosha kumnyima usingizi. Kila nilipokwenda nyumbani likizo nilikificha kitabu changu chini ya godoro. Lakini siri ya godoro haina umri mrefu. Jioni moja Baba alinijia akiwa nacho mkononi, ameshakifungua katika picha ya Zeus na radi yake.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole ulioniogofya kuliko ukali, "humu ndani mna miungu mingapi?"

"Ni mingi, Baba," nikajibu.

"Na Mmoja hakutoshi?"

Sikuwa na la kusema. Nilijaribu kumweleza kuwa miungu hiyo haiabudiwi tena na mtu yeyote niliyemjua, na kuwa twaisoma kwa ajili ya elimu tu. Baba aliketi kitini, akanirudishia kitabu, akasema, "Kama ni elimu, haifichwi. Soma nisikie."

Hapa, msomaji, sina budi kukwambia jambo jingine kabla ya kuendelea, maana bila ya hilo hutaelewa yaliyofuata. Mwaka uliotangulia dada yangu mdogo alifariki kwa homa. Tangu matanga yalipoondolewa, hapana mtu katika nyumba yetu aliyelitaja jina lake. Tulidhani kuwa twamhurumia Mama. Nguo zake zilikunjwa zikawekwa mbali, kikombe chake kikaondolewa kabatini, na sisi sote tukajifunza kupita katika maneno yetu kama mtu apitavyo gizani kando ya kisima. Jioni ile Mama alikuwa mlangoni, amepakata ungo, achagua mchele kwa nuru ya taa. Hakuwa akitusikiliza.

Nilifungua kitabu pasipo kuchagua, nikaanza kusoma, nikiyageuza maneno ya Kiingereza katika lugha yetu kwa kadiri ya uwezo wangu. Ilikuwa habari ya Demeter. Alikuwa na binti mmoja, Persephone, aliyekwenda kuchuma maua pamoja na wenzake. Binti aliponyosha mkono kuchuma ua moja zuri kupita yote, ardhi ilipasuka, na Hades akatoka na farasi wake akamchukua. Mama alisikia ukelele tu. Siku tisa alizunguka duniani na mienge mikononi, hali wala haogi, akimwuliza kila aliyekutana naye. Siku ya kumi Jua, lionalo yote, lilimwambia kweli: mwanao yuko kwa wafu, na Zeus mwenyewe aliridhia.

Demeter aliondoka Olympus. Alijigeuza kikongwe, akaenda katika mji wa Eleusis, karibu na Athens, akaketi kando ya kisima kama mwanamke asiye na kwao. Kisha akazuia mbegu zisiote. Ng'ombe walivuta majembe bure. Shayiri ilitupwa katika udongo isichipue. Njaa ikawa karibu kuwamaliza wanadamu. Miungu mmoja baada ya mmoja ilitumwa kumbembeleza kwa zawadi, naye akaikataa yote. Mwisho Zeus alimtuma Hermes kwenda kumrudisha binti. Lakini kabla ya kumwachilia, Hades alikuwa amemlisha punje ya komamanga, na aliyekula chakula cha huko alifungwa na huko.

Nilipofika hapo nilisikia kuwa sauti ya mchele ungoni imekoma.

"Je, alirudishiwa?" Mama aliuliza.

"Alirudishiwa, Mama, lakini si kwa mwaka mzima. Theluthi moja ya kila mwaka binti hukaa chini kwa wafu, na theluthi mbili hukaa juu na mamaye. Wayunani walisema mimea huchipua anaporudi."

Mama alinyamaza kitambo. Mikono yake ilikuwa juu ya mchele. Kisha akasema, "Mimi ningeupokea hata mwezi mmoja." Na papo hapo, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka, alilitaja jina la dada yangu. Alilitaja mara mbili, kama mtu ajaribuye ufunguo katika kufuli lililoshika kutu. Halafu machozi yakamjia, na pamoja na machozi maneno. Alitwambia alivyokuwa akiimba alipokwenda kuteka maji, na alivyoogopa radi. Usiku ule hapakupikwa chakula mpaka saa nne, na hapana aliyelalamika.

Baba ndiye aliyesema mwisho. "Huyu uliyetusomea si mungu, mwanangu. Huyu ni mama." Akaingia ndani kulala. Tangu siku ile kitabu kilikaa juu ya meza.

Nimeyafikiri maneno hayo ya Baba miaka mingi. Baadaye nilikuja kujua kuwa Wayunani wenyewe walikuwa na mtu aliyesema jambo la namna hiyo. Xenophanes, mwenye hekima aliyezaliwa katika karne ya sita kabla ya Kristo, aliwalaumu washairi Homer na Hesiod kwa kuibandika miungu kila aibu ya wanadamu: wizi, uzinzi na udanganyifu. Alisema kuwa watu huifanya miungu kwa mfano wao wenyewe, na kuwa ng'ombe na farasi nao, lau wangekuwa na mikono ya kuchora, wangechora miungu ya king'ombe na ya kifarasi. Baba hakulisikia jina la Xenophanes hata siku moja, lakini wote wawili walifika katika kituo kimoja kwa njia mbalimbali.

Kwa hiyo ukisoma habari za miungu hii usishangae kuiona ikigombana. Katika vita vya Troy, Hera na Athena walikuwa upande wa Wayunani, Apollo na Aphrodite upande wa Troy, na damu iliyomwagika ilikuwa ya watu. Nawe wajua kuwa wapiganapo tembo nyasi huumia. Husuda ya Hera umeiona kwa majirani. Kronos awamezaye watoto wake asije mmoja akamrithi, umemsoma katika historia ya wafalme wengi. Hephaestus aliyechekwa kwa kuchechemea, na ambaye wenye kumcheka hawakuweza kuishi bila ya kazi yake, huenda mnasoma naye darasa moja. Ukweli wa hadithi hizi hauko juu ya Olympus. Uko chini, kwetu.

Enzi ya miungu hiyo ilikwisha. Mwaka 391 na mwaka 392 baada ya Kristo, Kaisari Theodosius alitoa amri za kukataza kafara na ibada za mahekalu. Hekalu la Athena mjini Athens, Parthenon, lililojengwa kati ya mwaka 447 na mwaka 432 kabla ya Kristo, liligeuka kanisa, kisha likawa msikiti; mwaka 1687 lilifanywa ghala ya baruti, likapigwa kwa kombora katika vita, likapasuka. Nguzo zilizobaki hutazamwa sasa na wasafiri. Lakini majina hayakufa pamoja na kafara. Watu wa kwanza kukanyaga mwezi, mwaka 1969, walikwenda katika safari iliyoitwa kwa jina la Apollo. Na mwaka 2022 chombo kingine kilipopelekwa kuuzunguka mwezi bila ya watu, safari yake iliitwa kwa jina la pacha wake, Artemis. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa nafaka latokana na jina la Ceres, yaani Demeter yule yule wa ungo wa mama yangu.

Msomaji wangu kijana, yumkini utakutana na watu wa namna mbili. Wa kwanza watakwambia usiguse vitabu hivi, kwa kuwa vina miungu ya uongo. Wa pili watakwambia uvisome uwacheke wajinga wa zamani. Usimfuate wa kwanza, maana kujua jambo si kuliabudu. Na usimfuate wa pili, maana acheke kilio cha mtu hajui zamu yake itafika lini. Soma kwa imani yako mwenyewe iliyo imara moyoni, na kwa heshima kwa watu waliokutangulia kuogopa, kupenda na kufiwa. Tena usivifiche vitabu vyako chini ya godoro. Visome kwa sauti mahali ambapo wazazi wako wameketi. Huwezi kujua ni neno gani katika ukurasa wa mbali litakalofungua mlango uliofungwa nyumbani mwako.