Tovuti ya Madrasa na Aliye Dhaifu Katika Safu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. 

Katika toleo hili napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Nalo ni hili: tovuti ikitengenezwa ili ifunguke kwa kasi zaidi, je, wenye vivinjari vya zamani waachwe nyuma? Kivinjari ni ile programu iliyomo ndani ya simu au kompyuta inayofungua kurasa za intaneti. Swali hili limeingia madrasani kwetu mwaka huu, tena limeingia kupitia kwa mtoto.

Kijana mmoja aliyesoma hapa, ambaye sasa ni fundi wa kompyuta Mtwara mjini, alijitolea kututengenezea tovuti ya majaribio. Aliweka ratiba, matokeo ya mitihani, na sura fupi za juzuu ya Amma kwa ajili ya kuhifadhi. Hapa Masasi mjini, kwenye simu mpya, ukurasa ulifunguka kabla hujamaliza kusema bismillah. Tulifurahi sana. Baada ya likizo, mwanafunzi mmoja anayetoka kijiji cha Newala, upande unaoteremka kwenda bonde la Ruvuma, akaniambia, "Maalim, kwenye simu ya mama sura hazionekani. Kuna vibokisi vitupu tu." Mama yake alisoma chuoni utotoni, na ndiye anayemsikiliza akidurusu. Kwa hiyo likizo nzima mtoto alidurusu bila wa kumsahihisha.

Simu ya mama huyo ni kitochi chenye intaneti. Simu za namna hii mnazifahamu. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta sokoni Smart Kitochi, inayotumia mfumo wa KaiOS, ili wasiomudu simu kubwa nao wapate mtandao. Kivinjari cha mfumo huo, toleo la 2.5, kimejengwa juu ya Firefox 48, iliyotoka mwaka 2016. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kununua simu mpya dukani, ikiwa bado na karatasi yake, na ndani yake mna kivinjari cha miaka kadhaa nyuma ambacho hawezi kukibadilisha kwa kubonyeza kitufe. Basi tusiharakishe kusema kwamba mwenye kivinjari cha zamani ni mvivu wa kwenda na wakati.

Vibokisi vitupu vilitokana na aina ya picha. Kijana wetu aliziweka sura kama picha za WebP, aina iliyotangazwa na Google mwaka 2010. Firefox ilianza kuielewa katika toleo la 65, Januari 2019. Toleo la 48 haliijui kabisa. Lakini fundi naye alikuwa na hoja nzuri. Kwa maelezo ya Google, picha ya WebP isiyopunguzwa ubora huwa ndogo kuliko ya PNG kwa takriban asilimia 26. Kwa mzazi anayenunua bando kwa fedha ya korosho, na mtandao wake ni wa kupanda juu ya kichuguu ndipo ushike, upungufu huo si mchezo. Kasi nayo ni haki ya mnyonge.

Tulipokaa kikao, rai zilikuwa tatu. Wa kwanza alisema wazazi wabadilishe simu. Wa pili alisema tuache mambo mapya yote. Wa tatu alisema tuongeze viraka, yaani vipande vya programu vinavyokifundisha kivinjari cha zamani mambo ya kisasa. Rai hii ya tatu ilitupendeza kwa kuwa ilikuwa na huruma. Ila fundi akatueleza kwamba viraka vikiwekwa ovyo kila simu huvipakua, hata isiyovihitaji, na anayeumia zaidi ni yule yule mwenye simu dhaifu na mtandao mdogo. Tungekuwa tumemtwisha mzigo kwa jina la kumsaidia.

Hapo nikakumbuka habari ya Muadh bin Jabal (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Aliwasalisha watu Isha kwa Suratul Baqara, na mtu mmoja akajitenga akasali peke yake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), alimkemea Muadh na kumwelekeza asome sura fupi, kwa kuwa nyuma ya imamu wamo wazee, wanyonge na wenye shughuli. Naye Uthman bin Abil-As (R.A.), alipowekwa kuwa imamu wa watu wake, alielekezwa amzingatie aliye dhaifu zaidi miongoni mwao, kama walivyopokea Abu Daud na An-Nasai.

Zingatieni jambo moja. Muadh hakuambiwa aache Fatiha wala rukuu. Nguzo zilibaki pale pale, urefu ndio uliopungua. Nikawaambia wenzangu: tovuti yetu nayo tuitenge hivyo. Nguzo zake ni ratiba, matokeo na sura. Hizi lazima zimfikie kila mmoja. Video inayoanza yenyewe, picha zinazotembea na herufi za nakshi ni mapambo. Mwenye simu yenye nguvu ayapate, na asiye nayo asipungukiwe na nguzo hata moja.

Mfano wa kufuata tunao hapa nchini. Kurasa za matokeo za NECTA kwa miaka mingi zimekuwa maandishi na majedwali matupu. Hazina urembo, lakini mtoto wa Newala huyasoma matokeo yake hata kwenye simu ndogo.

Tukaamua hivi.

Kwanza, ratiba na matokeo yawe maandishi matupu.

Pili, sura zibaki kuwa picha. Mmoja wetu aliuliza kwa nini tusitumie maandishi, yaliyo mepesi kuliko picha. Maandishi ya Qur'ani yaliyohakikiwa yapo. Mradi wa Tanzil umekuwa ukiyatoa tangu mwaka 2007. Lakini baadhi ya simu za zamani hutenganisha herufi za Kiarabu au husogeza irabu, na katika Qur'ani irabu ikihama, maana nayo huhama. Uzito wa picha tuliukubali kwa makusudi.

Tatu, kila sura iwe na picha mbili, WebP na PNG. Ukurasa huzitaja zote, na kivinjari huchukua ile kinachoielewa. Hakuna simu inayopakua mbili. PNG ipo tangu mwaka 1996, na ndiyo iliyojaza vile vibokisi kwenye kitochi cha yule mama. Inachelewa kidogo, lakini inafunguka.

Nne, tuliweka mpaka. Mwaka 2020 vivinjari vikubwa viliacha kanuni za zamani za usalama, TLS 1.0 na 1.1. Kuzirudisha ili simu ya zamani kabisa iingie ni kuhatarisha taarifa za watoto wote, na haifai kuondoa dhara kwa kuleta dhara kubwa zaidi. Mzazi wa simu hiyo tutamtumia ujumbe mfupi na karatasi ya matokeo mkononi mwa mtoto. Haki yake ni habari, na njia ya kuifikisha si tovuti peke yake.

Wanafunzi wangu, baadhi yenu inshaallah mtakuwa mafundi. Mkitengeneza kitu kikawa na kasi mikononi mwenu, msitosheke. Kipelekeni kwenye simu ya bibi, huko bondeni, saa ambayo mtandao ni mdogo, mkione kwa macho yenu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na asitufanye sababu ya kumfungia mtu mlango wa kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.