Sikio Lililo Wazi Juu ya Barafu

Sisi tuliotoka Bukavu tukahamia Ottawa, mji mkuu wa Kanada, tulilelewa kando ya ziwa lisilojua kuganda. Huku tulikofika, mfereji wa Rideau, uliojengwa kati ya mwaka 1826 na 1832, hugeuka barafu majira ya baridi, na watu huvaa viatu vyenye makali ya chuma wakateleza juu yake umbali wa kilometa 7.8. Watoto wetu walijifunza upesi kuliko sisi. Sasa kijana wetu wa miaka 14 ameomba kicheza muziki cha mfukoni, akisikilize anapoteleza na, theluji ikiisha, anapokimbia au kupanda baiskeli. Fedha tuliyotenga yatosha kimoja tu. Kwa kuwa nyumba nyingi zina ombi kama hilo, tunawashirikisha tuliyoyapima kabla ya kununua.

La kwanza ni baridi yenyewe. Vyombo hivi hutumia betri ya lithiamu. Joto likishuka sana, nguvu ya betri hupungua, na chombo huweza kuzimika ghafla ilhali chaji ingalipo; kikipata joto, huamka tena. Kwa hiyo mahali pake ni ndani ya koti, karibu na kifua, na chombo chepesi chenye kibanio cha kushika shati hufaa kuliko kikubwa chenye kioo kipana. Kikirudi nyumbani kisichajiwe papo hapo, maana kuchaji betri ya lithiamu iliyo chini ya nyuzi 0 huiharibu. Kikae kwanza katika mfuko uliofungwa vema mpaka kipate joto la chumba, ili umande usijikusanye juu yake.

La pili ni mkono. Kioo cha kugusa mara nyingi hakitambui kidole kilichovikwa glavu ya kawaida. Mtoto anayevua glavu kila anapobadili wimbo atagandisha vidole, na macho yake yataacha njia. Vitufe vya kubonyeza, vinavyotambulika kwa kupapasa, ni bora. Navyo viwe kwenye visikilizio vyenyewe, kwa sababu chombo kimefichwa ndani ya koti. Tena, anayeteleza huanguka. Vicheza CD vya zamani viliruka nyimbo kwa kutikiswa. Vinavyohifadhi muziki katika memori isiyo na kitu kinachozunguka havina shida hiyo. Kwa jasho na theluji inayoyeyuka, tunatafuta alama ya IPX4, ambayo maana yake chombo hustahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande.

La tatu ndilo lililotuchukua muda mrefu: sikio. Binti yetu wa miaka 8 huteleza nyuma ya kaka yake, na akiachwa huita, “Yaya, uningojee!” Visikilizio vinavyoziba masikio vingeizima sauti hiyo, pamoja na ya mtu anayetaka kupita kwa kasi. Juu ya hayo, upepo humfanya msikilizaji aongeze sauti bila kujua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo.

Vipo visikilizio vinavyokaa mbele ya sikio na kupitisha mtetemo katika mifupa ya uso, tundu la sikio likibaki wazi. Tumeamua hivyo: sehemu kubwa ya fedha iende kwenye visikilizio vya namna hiyo, na kicheza muziki kiwe kidogo, cha bei nafuu, kisicho na mapambo. Kijana alivijaribu dukani akalalamika kwamba besi haisikiki vema. Asemayo ni kweli, wala hatukumbishia. Tulimjibu kwamba besi anaweza kuifurahia nyumbani, mlango ukiwa umefungwa na dada yake akiwa salama. Barafuni yeye ndiye mkubwa, na mkubwa ndiye anayeitwa. Muziki utakaomchangamsha huko uwe ule unaomwachia nafasi ya kuitika.